Ndala ya Mfasiri

Chini ya meza yangu, hapa nyumbani mtaa wa Kikuyu, Dodoma, kuna ndala moja ya tairi, ya mguu wa kushoto. Ni katambuga ya zamani, imelika upande wa kisigino kwa sababu mwenyewe hutembea akiulemea mguu huo. Wageni wakiiona huniuliza nyingine iko wapi. Nikiwaambia iko mguuni kwa mwenyewe, huko Zuzu, hucheka wakidhani natania.

Mwenyewe mtaa mzima tulimwita Mfasiri. Jina analo, la ubatizo na la ukoo, lakini hata mchungaji aliyekuja kumwombea alipougua alibisha hodi akiita, "Mfasiri, upo?" Alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, kwa miaka kumi na mmoja, tangu ofisi yetu ilipohamia Dodoma nami nikahama nayo nikiwa na masanduku mawili na hasira nyingi. Mimi ni katibu. Kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao: watu wanasema hovyo, mimi nasafisha. Alipojua hilo akaacha kuniuliza jina. Mpaka leo ananiita Katibu.

Ndala ile si zawadi wala kumbukumbu. Ni dhamana. Mfasiri alikuwa na vitabu kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, karibu vyote vya historia, na alikuwa na sheria moja: ukiazima kitabu unamwachia kiatu kimoja. "Ukiondoka na viatu viwili utasahau," alisema. Chini ya benchi la barazani kwake kulikuwa na mstari wa viatu visivyo na wenzao: raba ya mwanachuo, kiatu cha ngozi cha mwalimu mkuu, kandambili yangu ya bluu. Ilikuwa kawaida kumwona mtu mzima na tai yake akiondoka pale anachechemea, kitabu kwapani, soksi moja ikifagia vumbi. Na sheria ilimbana hata yeye. Siku nilipompelekea kitabu nilichokiandika mimi mwenyewe, aliinama, akavua ya kushoto, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Nitakuletea hukumu yako, utanirudishia ndala yangu." Miezi minane ikapita, hukumu haikuja.

Lazima niseme hukumu ni nini, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini kunyamaza kwake kulininyima raha.

Barazani kwake, kwenye msumari kando ya mlango, lilining'inia daftari la shule limefungwa kwa kamba ya katani. Humo aliandika maoni yake juu ya filamu za zamani na vitabu vya historia. Vipya hakuvigusa, alisema vikae kwanza vipoe. Kila hukumu ilikuwa nusu ukurasa, kwa mwandiko wa kulala, na iliishia kwa neno moja kati ya matatu: Nunua, Azima, au Acha. Mtu yeyote aliruhusiwa kusimama pale akasoma. Wanachuo walipita na simu zao kumuuliza, "Mzee, hii ya kitambo nimeidownload, iko poa?" Yeye akajibu kwamba kilichopoa ni chai yake, kwa sababu wao hawaishi maswali.

Nazikumbuka nyingi kwa moyo. Juu ya filamu moja ya vita, ndefu, iliyosifiwa dunia nzima, aliandika: "Jeshi linavuka jangwa siku tatu na sijaona mtu akinywa maji. Farasi nao hawanywi. Acha." Juu ya filamu ya mapenzi: "Wanapendana vizuri sana, lakini hakuna anayefanya kazi. Nimeangalia mpaka mwisho nijue kodi ya nyumba inatoka wapi, sikujua. Azima." Na juu ya kitabu kinene cha reli, ambacho kila msomi aliyepita pale alikiinamishia kichwa: "Kurasa mia nne, na hakuna mpishi hata mmoja. Waliojenga walikula nini? Mwandishi hajui na hajui kwamba hajui. Azima, na urudishe mapema." Nunua ilikuwa adimu. Kwa miaka yote ile nilihesabu tano.

Filamu aliitazama mara mbili. Mara ya kwanza alizima sauti kabisa, akaangalia picha tu. Mara ya pili aliwasha sauti akaipa runinga mgongo, akasikiliza akiwa ameelekea ukutani. Mke wa jirani mwingine, yaani Mama Shayo wa nyumba ya pili, alidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Lakini yeye alidai hapo ndipo unapokamata uongo, pale picha inaposema hili na sauti inasema lile. Kitabu cha historia alikianza nyuma, kwenye orodha ya watu walioulizwa. Kama orodha ilikuwa ya vitabu tu, alikohoa. "Huyu hakubisha hodi kwa mtu."

Kwa uongo hakuwa na huruma. Alikuwa na kanuni yake aliyonifundisha tangu mwanzo: jambo lililosemwa na mtu mmoja ni maneno, likisemwa na wawili ni fununu, likisemwa na watatu wasiochota maji kisima kimoja, hapo unaweza kuliandika. Mhadhiri mmoja aliwahi kumletea kitabu chake akitegemea sifa. Mfasiri akamwambia mbele ya watu, "Ukurasa wa sabini umeweka masika mahali ambapo hapana masika tangu Mungu aumbe Dodoma." Yule bwana alichukua kiatu chake akaondoka, na kitabu cha watu hakukirudisha.

Na bado mtu huyu mkali aliiba kete kwenye bao mchana kweupe, akabisha kwa kiapo. Alilia kwenye kila filamu ya Kihindi, tena si kwa siri, mabega yakitikisika, ukimwangalia anasema, "Vumbi hili la Dodoma litatuua. Funga dirisha." Alichukia watu wanaosimulia mwisho wa filamu kabla hujaiona, ila yeye mwenyewe hakuwahi kuweza kunyamaza nao hata dakika mbili.

Jina la Mfasiri lilitoka kazini kwake. Ujanani alizunguka na gari la sinema, lile lililokuwa likienda vijijini na jenereta, projekta na shuka jeupe la kufunga kati ya nguzo mbili. Filamu zilikuwa za Kiingereza. Yeye alikaa kando ya projekta na kipaza sauti, akawaambia watu kwa Kiswahili kinachosemwa, kisha akarudia kwa Kigogo kwa ajili ya wazee. Wahusika wote walikuwa yeye. "Nimekuwa malkia," alituambia, akihesabu kwa vidole, "nimekuwa askari mia, nimekuwa mtoto mchanga, nimekuwa bibi harusi pale Mpwapwa, watu wakapiga vigelegele." Alibadilisha majina ya miji yakawa ya karibu, ili watu wasipotee njia. Mfalme wa filamu alitoka Kondoa. Meli iliyozama ilizama bwawa la Hombolo. Tulicheka mpaka machozi, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Sasa nije kwenye kitabu changu, maana ndicho kilicholeta haya yote.

Yeye ndiye aliyenitia kichaa cha kukiandika. Miaka minne, kila likizo na karibu kila Jumamosi, nilizunguka vijiji vya Kongwa kuuliza wazee habari za miaka ya ukame: walichimba wapi, walihama vipi, walikula nini. Hilo la kula nililiuliza kwanza kila mahali, kwa kumwogopa yeye. Kikatoka kitabu chembamba chenye sura tisa. Sura ya sita ndiyo iliyopendwa. Ilimhusu mwanamke wa upande wa Mlali ambaye, kijiji kizima kilipofunga mizigo kikahama kwa kiu, alikataa kuondoka, akabaki peke yake na jembe, akachimba mpaka akapata maji. Shule moja iliigeuza igizo. Watu nisiowajua walinipigia simu kunishukuru kwa ajili ya mwanamke yule.

Na nilikuwa na mashahidi watatu, wa vijiji vitatu, visima vitatu. Wa kwanza, mzee mmoja mfugaji, alisema, "Akizungumza, sauti yake ya kiume." Wa pili alisema upepo ukija mwanamke yule alikuwa akitikisika mwili mzima, anajikunja, halafu ananyooka tena. Wa tatu ndiye aliyenipa furaha kuliko wote, bibi mmoja pale Mlali penyewe, mwenye akili kali na meno machache. "Nilimwona kwa macho yangu haya," aliniambia. "Uso wake mkubwa kuliko mlango wa kanisa." Nikasafisha, kama ilivyo kazi yangu. Nikaandika kwamba wazee wanamkumbuka kama shujaa mwenye sauti ya mamlaka na haiba kubwa, ambaye upepo wa njaa ulimyumbisha usimwangushe. Nilijipongeza kwa sentensi ile wiki nzima.

Mfasiri akakichukua kitabu, akanipa ndala, akanyamaza. Asubuhi tulisalimiana kama kawaida. "Shikamoo mzee." "Marahaba Katibu, maji yametoka kwako?" Habari za maji, habari za bei ya mtama, ya kitabu hakuna. Alitembea na katambuga mguu mmoja na kandambili mguu wa pili, mtaa mzima ukimcheka, wala hakuja kukomboa kitu chake. Nilianza kuhisi amekiona kibovu na ananihurumia. Afadhali angeniandikia Acha. Huruma yake ndiyo iliyoniuma, kwa sababu hakuwahi kumhurumia mtu yeyote aliyeandika. Kisha macho yakamzidi, magoti nayo, binti yake Mama Neema akaja na gari akamhamishia kwake Zuzu. Daftari la msumarini liliondoka naye. Siku ile nilijifungia ndani nisimuage, kwa hasira, na najuta.

Mwezi uliopita Mama Neema alinipigia simu. "Dada, mzee anasema uje na ndala."

Nilimkuta sebuleni anamenya karanga kwa kupapasa, mguu wa kulia katambuga, wa kushoto kandambili ya waridi ya binti yake. Amekonda. Nilikuwa nimebeba ndala, na nilikuwa nimebeba pia daftari langu la Mlali, lile la maelezo ya wazee kama walivyosema, nikiwa tayari kubishana naye sentensi kwa sentensi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Katibu. Umeileta?"

"Nimeileta. Hukumu yangu iko wapi?"

Akanielekeza mezani, lilipokuwa daftari lake. "Isome kwa sauti. Mimi siioni tena, nataka kusikia kama niliandika vizuri."

Nikasoma. "Kitabu cha jirani yangu Katibu. Huyu alibisha hodi. Nyuma kuna majina ya wazee, ya vijiji, mpaka ya mwenye punda aliyembebea maji. Amesema walikula nini. Sura ya sita ni nzuri kuliko zote na ni ya uongo. Uongo huo ni wangu."

Chini yake palikuwa patupu. Hakuna Nunua, hakuna Azima, hakuna Acha.

"Ilikuwa filamu," alisema, mikono ikiendelea na karanga. "Kijiji cha nchi ya mbali kimekauka, watu wanahama. Mwanamke mmoja anakataa kutoka. Tuliionyesha Mlali, mwaka mbaya kweli, watu wametoka vijiji vyote vya jirani, wamekaa chini mbele yangu wamenyamaza. Nikasema kama kawaida yangu kwamba kijiji chenyewe kiko ng'ambo ya milima ile pale. Mkanda wa mwisho nilikuwa naujua. Kwenye mkanda wa mwisho yule mama anafunga mlango anawafuata wenzake. Basi. Nyumba tupu na upepo. Sasa ningewaambiaje wale watu? Nikazima. Nikasema mkanda umekatika, ila mimi mwisho ninaujua. Nikawaambia amechimba, amepata maji."

Uso mkubwa kuliko mlango wa kanisa. Sauti ya kiume. Shuka linajikunja kwa upepo, linanyooka. Nilikasirika, sitaficha, nilimkasirikia kama nilivyowahi kumkasirikia baba yangu tu.

"Mzee, umeniacha nizunguke na uongo miezi minane? Watoto wa shule wameuigiza!"

"Miezi minane ni yako," alisema. "Mimi nimezunguka nao miaka hamsini. Unadhani hizi hukumu nilianza kuziandika kwa nini? Niliwadanganya watu wenye kiu, Katibu. Kesho yake wameamka na kiu ileile, na mimi nimekwenda zangu. Nikasema angalau nisimwachie mwingine apite na uongo wake. Ulipoleta kitabu nikakuta wangu umo ndani, umevaa nguo nzuri, nikashindwa hata kukuangalia."

Mama Neema aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani alirudi jikoni taratibu. Mimi nilifungua daftari langu kwa sababu sikujua pa kuweka mikono. Nilitaka kuuona mstari ule wa uso mkubwa, nijicheke vizuri. Nikauona. Na chini yake nikaona mistari mitatu niliyoikata kwa wino mwekundu, na pembeni nimeandika: bibi amechanganya miaka.

"Mzee," nikasema. "Hebu sikiliza. Hii niliifuta. Bibi anasema: Asubuhi yake tukaenda korongoni na majembe, wanawake kumi na wawili. Tukachimba mpaka jua la saa sita. Tukapata ya matope, tukayachuja kwa kanga, tukanywa hayo mpaka mvua."

Karanga zikakoma.

"Rudia."

Nikarudia.

"Asubuhi ya lini?"

"Asubuhi yake. Baada ya kumwona. Mimi nilijua mwanamke yule alibaki peke yake, kijiji kimeshahama, nikaona hao kumi na wawili ni wa mwaka mwingine. Nikaikata."

"Sisi tuliondoka alfajiri," alisema polepole. "Dereva alikuwa na haraka ya kuwahi Kibaigwa." Mabega yakaanza kutikisika. "Mama Neema! Funga dirisha, vumbi!"

Dirisha lilikuwa limefungwa tangu nilipoingia. Mama Neema alikuja akalishikashika komeo, akaondoka. Mimi nililia waziwazi, hasira yangu yote ikaishia palepale kwenye mkeka.

Baadaye nilimwekea kalamu mkononi na kidole chake nikakiweka mahali patupu pa ukurasa.

"Walikula nini?"

"Nani?"

"Hao kumi na wawili. Korongo halichimbwi na tumbo tupu. Walikula nini?"

"Sijui, mzee. Hilo sikuuliza."

Akanirudishia kalamu. "Basi ndala baki nayo."

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mlali. Bibi alinipokea kwa mikono miwili, nikamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwa", kwa lafudhi inayomchekesha kila mara, nikakaa. Nikamwambia kwa aibu kwamba nimegundua yule mwanamke alikuwa wa sinema. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto wa mjini.

"Kwani sisi wajinga? Shuka tuliliona linafungwa. Wewe uliniuliza kama nimemwona, nikakwambia nimemwona. Hukuuliza wapi."

"Sasa bibi, kama mlijua ni sinema, mbona mlikwenda kuchimba?"

"Kwa sababu ya yule kijana wa kipaza sauti. Alisema mama amepata maji, lakini sauti yake ilikuwa inalia. Tukajua huyu hajui. Tukasema asubuhi twende tukaangalie wenyewe."

Nikauliza walikula nini. Alisema kabla ya kuchimba hawakula kitu, hapakuwa na cha kula bila maji. Walikula baadaye, uji wa uwele, wameupika korongoni kwa maji yaleyale, mwekundu kwa udongo, na kila mmoja alipata kikombe kimoja. Safari hii sikusafisha hata neno. Kesho Jumapili nakwenda Zuzu, na ndala sasa hivi naitoa chini ya meza, naiweka kwenye mfuko.